Dakika Kumi na Moja za Kimya

Secilia hakuwa na nia mbaya, na hilo lisemwe mapema kabla lawama hazijaanza kugawiwa. Alikuwa binti wa Rangwi, umri miaka ishirini na saba, fundi wa kompyuta wa kampuni ya mboga pale Lushoto mjini. Alichotaka ni kujua tu mashine ipi inawaka na ipi imezimika, bila kushuka mteremko wa matope kila mara kwenda kuchungulia.

Kampuni yenyewe ilikuwa mpya kwa jina na kuukuu kwa majengo. Zamani palikuwa shirika la umma. Ubinafsishaji ulipofika shirika likauzwa, watu arobaini wakapunguzwa, wakabaki sita wa ofisini, pamoja na ghala la baridi lililo chini kabisa ya kiwanja, karibu na kijito. Aliyenunua alikaa Dar es Salaam na hakuonekana. Aliyeonekana ni meneja wake, Bwana Elisante, mtu wa Arusha, aliyevaa tai hata Jumamosi. Kazi ilikuwa kukusanya njegere za maganda kutoka kwa wakulima wa Lukozi, kuzipoza ghalani, na kuzipakia jioni kwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ili zikaliwe Ulaya, ambako inasemekana watu hula ganda na punje vyote kwa pamoja.

Kompyuta zilikuwa sita, masalia ya mradi fulani wa wafadhili. Secilia aliziunganisha kwa waya, moja hadi nyingine, na mwisho akavuta waya mrefu hadi ghalani. Kila mashine akaipa jina la mahali anakotoka mtu anayeitumia, ya ghalani ikabaki Ghala. Kisha ndani ya kila moja akaamsha programu ndogo ambayo haionekani mbele ya macho, inafanya kazi chini chini wakati wewe unaandika barua zako. Kila baada ya dakika tatu programu hiyo iliwatangazia wenzake wote: mimi fulani niko hai, nimewaka saa kadhaa, anayenitumia ni fulani, na vidole vyake vimeacha vitufe kwa dakika kadhaa. Wenzake nao wakaandika habari hiyo kwenye orodha. Mashine ikinyamaza dakika kumi na moja, orodha iliandika mbele ya jina lake neno moja: imezimika.

Pale ofisini wakaiita mpiga mbiu, na wakaipenda. Ilikuwa na faida. Ghala lilikuwa na laini yake ya umeme peke yake, laini yenye kisirani, inayoweza kukatika huku ofisini taa zikiwaka kama kawaida. Njegere zikishapangwa, mlango hufungwa, na mtunza ghala, Kornelio, huvuka kijito kwenda kuchambua karoti kwenye banda la pili. Asingejua kitu. Kwa hiyo kazi ya kuiangalia orodha akapewa Mwanaheri. Akiona Ghala imezimika, anainua simu, anapiga bandani, Kornelio anakimbia kuwasha jenereta. Kwa mwaka mzima Mwanaheri aliokoa mizigo mara tisa, na hakuna aliyempa hata asante ya maandishi.

Mwanaheri alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Lukozi, karani tangu enzi za shirika, miaka kumi na tisa kwenye meza ileile. Yeye ndiye aliyempokea Secilia siku ya kwanza, akamtafutia chumba cha kupanga kwa watu waungwana, na Ramadhani iliyofuata akamletea futari ingawa alijua vizuri kwamba msichana ni Mkatoliki. Secilia alimwamkia shikamoo kila asubuhi na kumwita mama, na hakuwa akitania.

Mambo yaliharibika siku Bwana Elisante alipoiona orodha.

"Kumbe!" alisema, ameinama juu ya bega la Secilia. "Kumbe hii inaonyesha nani anafanya kazi na nani amekaa tu."

"Inaonyesha nani anagusa vitufe, meneja," Secilia alimjibu. "Mtu anaweza kuwa anaongea na mkulima, au anasoma."

"Kwa hiyo inaonyesha nani anafanya kazi," meneja akarudia, na Secilia akanyamaza. Baadaye alijilaumu kwa ule ukimya. Laiti angebisha hata kidogo! Lakini ni nani aliyekuwa akibishana na meneja mwaka ule, wakati kila mtu anamjua jirani aliyepunguzwa kazini akarudi kulima kabichi?

Kuanzia siku ile orodha ilichapwa mara mbili, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Bwana Elisante hakuwa mtu wa kushuka ngazi. Alikaa juu ofisini kwake akaisoma kwa kalamu nyekundu, akizungushia jina la kila aliyezidisha dakika ishirini. Yudith, karani wa malipo, alipata barua ya onyo kwa sababu alikwenda kumnyonyesha mtoto. Watu si wajinga. Wakaanzisha ushirika wao: mwenzio akitoka, ukipita mezani kwake gonga kitufe kimoja, naye atakugongea kesho. Ni kama unavyomtazamia mbuzi jirani aliyekwenda kliniki. Meneja akawa anashangaa jinsi watu wake walivyobadilika wakawa wachapakazi.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mwaka wa tisini na tisa, jua limewaka hata Lushoto watu wakavua masweta, mjomba wake Mwanaheri akafariki kule Lukozi.

Mwanaheri alipanda ngazi kuomba ruhusa. Secilia alikuwa kule juu akibadilisha waya, akasikia yote.

"Pole sana, mama," Bwana Elisante alisema, na pengine alikuwa anamaanisha. "Lakini kanuni iko wazi. Baba, mama, mume, mtoto. Mjomba hamo."

"Meneja, baba yangu alikufa nikiwa nanyonya. Mjomba Sheshe ndiye aliyenilea, akanisomesha kwa viazi vyake. Kwetu mjomba ni mzazi. Na mimi ndiye mtoto wa kwanza wa dada yake. Siwezi kumzika nikaondoka kama mgeni. Nikae hadi Alhamisi, tanga lianuliwe, nirudi."

"Nikikupa wewe kwa mjomba, kesho mwingine ataniletea shangazi. Kazi hizi za sasa si za shirika, mama."

Mwanaheri akashuka. Hakulia. Alikaa mezani kwake akafunga na kufungua kibweta cha miwani, mara nyingi, mpaka Secilia alipomfuata.

"Nenda, mama," Secilia alimnong'oneza. "Nenda ukazike."

"Na mpiga mbiu?"

"Mpiga mbiu nimemleta mimi. Ataimba ninavyotaka."

Kugonga kitufe kwa mkono kunafaa kwa nusu saa. Siku tatu ni jambo jingine. Secilia aliandika programu nyingine fupi, mistari saba tu, akaiweka kwenye mashine ya Mwanaheri iliyoitwa Lukozi. Kila dakika moja ilijifanya kidole. Basi kila orodha ilipochapwa ikasema kwamba Mwanaheri yuko mezani kwake na vidole haviachi vitufe.

"Na Ghala je?" Mwanaheri aliuliza, tayari amejitanda kanga, mlangoni. "Nani ataliangalia?"

"Nitaliangalia mimi, mama. Nakuahidi."

Jumanne alitimiza ahadi. Kila robo saa aliitazama orodha, Ghala ikawa hai, akashukuru. Jumatano, saa saba mchana, Bwana Elisante akamwita juu. Printa imegoma, na bila printa hakuna orodha ya saa tisa. Secilia akapanda na bisibisi yake. Akaifungua printa chini ya meza ya meneja, akatoa karatasi zilizokwama na vipande vya karatasi na mjusi mdogo aliyekauka, akapangusa, akafunga, ikagoma tena, akaifungua tena. Ilipofika saa tisa na dakika tano ikakubali. Ikatoa orodha. Secilia akaichukua ikiwa bado ina joto, akaikagua kama wino umekaa sawa na mistari haikupinda, akampa meneja. Meneja akapitisha kalamu nyekundu, akazungushia jina la Yudith, dakika thelathini na nne, akatia sahihi na saa, akaiweka kwenye faili.

Akamwambia Secilia asiondoke, kuna barua nyingine za kuchapa. Aliachiwa saa kumi na moja.

Aliposhuka na kuitazama orodha kwenye mashine ya Mwanaheri, aliliona lile neno moja. Ghala: imezimika, saa tatu na dakika ishirini. Simu ya bandani ililia mara moja tu Kornelio akapokea, lakini ilikuwa kama kumwita daktari amtibu maiti. Umeme ulikatika saa saba na dakika arobaini. Ndani ya lile ghala lililofungwa, chini ya bati na jua la mwezi wa pili, njegere za wiki nzima za watu wa Lukozi zilikuwa zimetoa jasho, zimelegea, na zinaanza kunuka. Walizipakia hivyohivyo. Alhamisi Bwana Elisante aliufuata mzigo mwenyewe hadi uwanja wa ndege, na ulikataliwa wote, hadi kreti la mwisho.

Ijumaa asubuhi Mwanaheri alirejea, macho mekundu, sauti imekauka kwa visomo na kuitikia pole za watu. Secilia alimngoja nje ya geti. Hata shikamoo ilimtoka kwa shida. Akamweleza yote, amesimama pale barabarani: printa, umeme, njegere, na kwamba meneja amekwisha tangaza kuwa Mwanaheri alikuwa mezani saa zote tatu, vidole kwenye vitufe, na orodha mbele ya macho yake, akaacha mzigo uoze. Meneja alikuwa ametumia neno hujuma.

Mwanaheri alisikiliza hadi mwisho.

"Nani mwingine anajua kuhusu hicho kidole chako?"

"Hakuna. Mimi na wewe."

"Basi ibaki hivyohivyo."

"Mama, nitasema mimi. Nitapanda sasa hivi."

"Utasema nini? Kwamba umeidanganya kampuni? Nani atakuajiri tena, mwanangu, wewe fundi, ukishaitwa mwongo? Mimi nimebakiza nini hapa? Na mimi ndiye niliyekubali kwenda. Mtu aliyekushikia jeneza humsukumi shimoni."

Akaingia ndani, akaning'iniza mkoba wake kwenye msumari wake wa siku zote.

Secilia alibaki getini. Angepanda ngazi wakati ule, hadithi ingekuwa fupi. Hakupanda. Alimkumbuka mama yake kule Rangwi na wadogo zake wawili waliokuwa shule, na moyoni akasikia unafuu, unafuu kabisa, kama mtu aliyekoswa na gari. Halafu aibu ya ule unafuu ikamshika. Aliogopa. Hilo ndilo neno lake, na hakuna haja ya kumtafutia jingine.

Saa sita mchana walifika wajumbe watatu wa wakulima wa Lukozi, wakiongozwa na Mzee Shabani, mwenye kofia ya mkono na koti lililoona mvua nyingi. Walikuja kuuliza njegere zao. Bwana Elisante aliwaweka kwenye ukumbi wa chini pamoja na wafanyakazi wote, maana alitaka kila mtu aone. Mzee Shabani aliwasalimia wenyeji kwa Kishambaa, "Onga mshi," wakamwitikia, na vijana wakampa shikamoo. Alipomwona Mwanaheri alitikisa kichwa taratibu, kama watu waliotoka kuketi pamoja msibani.

Meneja alisimama na faili mkononi.

"Wazee wangu, mzigo wenu haukuharibiwa na kampuni. Umeharibiwa na mtu mmoja. Mama huyu kazi yake ni kutazama orodha na kupiga simu umeme ukikatika. Jumatano, toka saa saba na dakika arobaini hadi saa kumi na moja, alikuwa mezani kwake. Kompyuta imeandika. Hakuinua simu. Leo anaondoka, na nitawaachia polisi waamue kama ni uzembe au ni hujuma."

Mzee Shabani akakuna kidevu.

"Jumatano, umesema?"

"Jumatano."

"Saa tisa hivi alikuwa hapa?"

"Saa tisa alikuwa hapa. Ninayo karatasi."

"Hapana, bwana mkubwa," Mzee Shabani alisema kwa upole. "Jumatano saa tisa Mwanaheri alikuwa Lukozi, kwenye tanga la mjomba wake, marehemu Sheshe. Na mimi nilikuwepo. Nimekunywa chai kwa mkono wake."

Wajumbe wenzake wakaitikia, naam, ni kweli kabisa. Bwana Elisante akatabasamu tabasamu la mtu anayemvumilia mkubwa.

"Mzee wangu, binadamu hukosea siku. Kompyuta haina mjomba wala shangazi. Haisemi uongo."

"Basi wako Mwanaheri wawili," Mzee Shabani akasema, na wengine wakacheka kidogo, kicheko cha hofu.

Meneja akamgeukia Mwanaheri. "Mama, sema mwenyewe. Jumatano ulikuwa wapi?"

Secilia aliona jinsi Mwanaheri alivyoshika ncha ya kanga yake. Njia mbili zilikuwa mbele ya yule mama, na zote za miiba. Akisema alikuwa msibani, swali la pili litakuwa moja tu: basi nani aliyekuwa akigonga vitufe vyako? Mwanaheri hakumtazama Secilia hata mara moja. Alimtazama Mzee Shabani.

"Mzee amechanganya siku," alisema. "Nilikuwa hapa. Sikwenda."

Usidhani hayo ni maneno mepesi. Mtoto wa kwanza wa dada, mbele ya watu wa kwao, anasema hakukaa tanga la mjomba aliyemlea. Mambo kama hayo hayasahauliki Lukozi. Yatasimuliwa kisimani, yatasimuliwa sokoni, na siku atakapokufa yeye mwenyewe kuna watakaoyakumbuka. Mzee Shabani alimwangalia. Kisha akavua kofia yake, akaitazama ndani kama mtu aliyepoteza kitu humo.

"Sawa," alisema. "Kama hukuwepo, hukuwepo. Sasa ile chai nilipewa na nani?"

Hapo ndipo Secilia aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Alikuwepo Lukozi. Mzee hakuchanganya siku."

Nyuso zote zikamgeukia. Mwanaheri akasema, "Secilia, kaa," kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha. Secilia hakukaa. Alishika ukingo wa meza.

"Kompyuta inasema inavyoambiwa. Niliiandikia kitu cha kujigonga yenyewe, ili meneja aone kwamba mama yuko kazini. Mama aliniuliza nani ataangalia Ghala, nikaahidi nitaangalia mimi. Sikuangalia. Njegere zenu nimeziozesha mimi, wazee wangu. Nisameheni."

Bwana Elisante alifungua mdomo, lakini Secilia alikuwa hajamaliza, na alijua asipomaliza sasa hatamaliza tena.

"Na ile karatasi, meneja, naomba uwasomee wote. Ya Jumatano, saa tisa na dakika tano. Usome mstari wa pili kutoka juu."

Meneja hakusoma. Faili lilikuwa wazi mkononi mwake na macho yake yalikwisha kuuona. Kornelio, mtunza ghala, aliyekuwa amesimama nyuma yake, ndiye aliyenyoosha shingo akasoma kwa sauti, taratibu kama anayesoma barua ya msiba:

"Ghala, imezimika, saa moja na dakika ishirini na tano." Akashusha macho. "Chini kuna duara jekundu kwenye jina la Yudith. Na sahihi."

"Ya nani, mgosi?" Mzee Shabani akauliza.

Kornelio akamtazama meneja.

"Saa tisa na dakika tano njegere zilikuwa bado zinaokoleka," Secilia alisema. "Niliishika karatasi hiyo kwa mikono hii. Nikatazama wino. Meneja akatazama majina. Hakuna aliyetazama Ghala."

Bwana Elisante alifunga faili. Alikuwa mtu mwenye akili, hilo asinyimwe, na akili yake ilikuwa inapiga hesabu: mzigo umeoza, mwenye mali Dar es Salaam anataka jina, na wakulima wanatazama.

"Udanganyifu wa mfumo wa kampuni," alisema hatimaye. "Dada Secilia, utaondoka leo. Mama Mwanaheri atapata barua ya onyo kwa kutoroka kazini."

"Na iishie hapo kwa Mwanaheri," Mzee Shabani akasema bila kuinua sauti. "Hayo ya polisi yasisikike tena. Yakisikika, Lukozi haitaleta hapa hata ganda moja. Kuna makampuni siku hizi, bwana mkubwa. Mmesema wenyewe soko ni huria."

Meneja akapanda ngazi, na wote wakahesabu vidato kwa masikio.

Wajumbe walipokuwa wakiondoka, Mzee Shabani alisimama mbele ya meza ya Mwanaheri. Secilia alikuwa karibu, akasikia.

"Umemkana mjomba wako mbele yangu, Mwanaheri."

"Nimemkana, mzee."

"Kwa sababu ya huyu?"

"Mjomba ameshazikwa. Huyu bado anaishi." Na hapo yule mama, ambaye hakulia ngazini wala getini, alilia, kanga yote imefunika uso. Mzee Shabani akavaa kofia yake. Akampa mkono, akautikisa, akasema, "Pole kwa msiba, mwanangu," neno lilelile alilompa Lukozi siku ya Jumanne, akalitoa upya kana kwamba halijawahi kutolewa. Kisha akatoka na wenzake.

Secilia alirudi kwenye chumba chake kidogo cha mwisho wa ukumbi. Akaifuta ile mistari saba. Akaandika kwenye karatasi namna ya kumwamsha mpiga mbiu endapo atalala, na mashine ipi ina waya mbovu, maana hakutaka Ghala lipate shida kwa kisasi cha mtu. Akaizima mashine yake, ile aliyoiita Rangwi. Kioo kikawa cheusi.

Akaanza kukusanya vitu. Havikuwa vingi: bisibisi tatu, kikombe, sweta, picha ya wadogo zake siku ya kipaimara. Alivipanga, akavipangua, akavipanga tena mkobani. Mawazo yalikuwa Rangwi. Atamwambia nini mama yake? Ataanzia wapi? Alikaa kitini akatazama ukuta, hakujua kwa muda gani. Halafu akasimama, akauvaa mkoba begani, akashika kitasa cha mlango.

Simu ya mezani ikalia.

Alifikiri ni meneja. Aliiacha ilie mara nne. Mwisho akarudi, akainua.

"Secilia." Ilikuwa sauti ya Mwanaheri, kutoka upande wa pili wa ukuta, bado nzito kwa machozi. "Naiangalia orodha hapa. Rangwi imezimika."

Dakika kumi na moja zilikuwa zimepita, na mtu mmoja alikuwa anatazama.

"Najua, mama," alisema.

"Nimeona imenyamaza," Mwanaheri akasema, "nikasema nipige simu."